Wafo za Nyamburi

Mwanangu Gloria aliacha kula baada ya homa ya Aprili, na hadi shule zinafungwa mwezi wa sita alikuwa amebaki macho na tumbo. Uji aliutema. Ugali aliusukuma. Samaki sato wa kuchemsha, ambaye zamani alimlilia hadi majirani wakacheka, sasa alimgeuzia uso. Muuguzi wa kliniki alimpima, akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nakula chakula cha mtoto, akasema, "Mama, tafuta kitu anachokipenda, chochote. Akiendelea hivi tutampoteza." Mimi ni mwalimu wa hesabu, mtu wa kukaripia wenzake na wanafunzi bila kuchagua, lakini siku hiyo nilirudi nyumbani Bweri na mtoto mgongoni nikilia barabarani bila kujificha.

Ndiyo maana nikaingia kwenye wafo. Wafo ni ule mkate laini wa vyumba vyumba; unamimina rojo zito kwenye mashine yenye taya mbili za chuma, unafunika, unasubiri. Mashine niliipata kwenye mitumba pale mjini. Muuguzi alisema mtoto apate chakula chenye nguvu kuliko unga mweupe mtupu, kwa hiyo nilitumia oti, zile punje bapa za kupikia uji zinazouzwa kwenye makopo. Nilizisaga kwenye blenda hadi zikawa unga, nikatia ndizi mbivu iliyoanza madoa, yai, maziwa, mafuta kidogo, beking poda na mdalasini. Kisha unaacha bakuli litulie, maana oti zina kiburi. Usipozipa muda wa kunywa maziwa, wafo inabomoka ukiitoa. Na usifungue mashine wakati bado inafuka. Mvuke ukikatika wenyewe, imeiva. Ukiifungua kwa papara wafo inachanika, nusu inabaki juu nusu chini, na utakwangua chuma hadi mchana.

Harufu ilijaa nyumba nzima. Gloria alikuja jikoni mwenyewe, akakaa kwenye kigoda chake, akanyoosha shingo. Nikasema moyoni, leo Mungu ameniona. Nikakata kipande, nikakipuliza, nikampelekea mdomoni. Akafunga midomo. Haukuwa ukaidi, maana ukaidi wa watoto naujua, nimelipwa mshahara kwa ajili yake. Alikuwa anakitamani kile kipande hadi mate yanamtoka, ila alikaa kimya kama mgeni aliyefika mlangoni na bado hajakaribishwa.

Mume wangu, Fredi, ananunua samaki Murangi, huko ziwani, na hurudi nyumbani Jumamosi. Alipomwona mtoto hakukaa. Alitoka nje, akampigia simu shangazi yake Yunis, dada mdogo wa marehemu baba yake, aliyeolewa Bunda kwenye pamba na ng'ombe. Nilimsikia akisema, "Shangazi, njoo." Nikamvaa pale pale uani. Nilimwambia mtoto anahitaji daktari, hahitaji shangazi. Fredi akajibu kwa upole unaoudhi, "Kwa daktari tumeshakwenda. Amesema hana ugonjwa."

Na kweli alisema hivyo.

Shangazi Yunis alifika kesho yake na mabegi mawili na kuku. Ni mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, na hana siri hata ya kuazima. Alimshika Gloria kidevu, akamtazama mdomoni, akaniuliza jina lake la nyumbani ni nani.

"Ni Gloria."

"Gloria ni la kanisani, mama. Mimi mwenyewe nilikuwepo padri akimmwagia maji. Nauliza la nyumbani."

"Hatukumpa."

Akapiga makofi mawili ya masikitiko. "Mnaona sasa? Watoto wa kwetu wanakataaga chakula hivi hivi. Kuna mtu wa ukoo anataka aitwe, na huyu anamsubiri. Mtoto ana njaa ya jina."

Nilitaka kumwambia ana njaa ya protini. Nilijizuia kwa sababu ya Fredi, na nitasema ukweli, pia kwa sababu nilikuwa nimeishiwa. Mama ambaye mtoto wake hali anafika mahali hana tena cha kubishia.

Shangazi aliniagiza nipike kile chakula ambacho mtoto anakitamani zaidi. Asubuhi nikawasha mashine. Yeye akakaa mbele ya Gloria na kipande cha wafo mkononi, akatueleza atakavyofanya: atawataja marehemu wa ukoo mmoja mmoja, na mtoto atafungua mdomo kwa yule anayemtaka. "Ila waliokufa tu," akasema. "Mtu hai hatajwi hapa, hata kwa utani. Jina lake bado linamlisha yeye."

Akaanza. Alimtaja Burito, baba yake mwenyewe, babu wa Fredi. Alimtaja Maige aliyekufa na mafuriko. Alitaja shangazi zake, wajomba, mapacha waliokufa wachanga. Kila jina alilisema polepole, kisha akasogeza kipande. Gloria alimtazama tu. Nilikuwa nimesimama kwenye sinki nimekunja mikono, nikiwaza namna nitakavyomsema Fredi usiku, shangazi alipofika kwa mama yake Burito.

"Nyamburi," akasema. "Nyamburi uliyezikwa Mwitongo."

Gloria aligeuza kichwa. Hakututazama sisi. Alitega sikio kuelekea dirishani, kama anayesubiri mtu wa mbali aitikie kwanza. Kisha akafungua mdomo, akachukua kipande, akatafuna, akameza. Akala wafo nzima na kuanza ya pili.

Nilipiga magoti nikamkumbatia shangazi Yunis miguuni, mimi na shahada yangu. Sijali. Ungemwona yule mtoto akitafuna, na wewe ungepiga magoti.

Kabla hajaondoka aliniachia maagizo. Kila asubuhi, kabla ya kumlisha, nimwite Nyamburi. Akishakula hivyo asubuhi, mchana na jioni atakula bila taabu, mpaka jina litakapomzoea. Nikafanya hivyo. Nilikuwa nasimama jikoni, mashine imeshafunguliwa, sahani mezani, naita, "Nyamburi!" Gloria anatega sikio, anasubiri, anakula. Mashavu yakarudi. Mikono ikapata mikunjo. Muuguzi wa kliniki alinipongeza, nikampa maelekezo ya wafo za oti kwa kujidai, namna ya kuacha rojo litulie, namna ya kusubiri mvuke.

Jambo moja tu lilinisumbua, nalo ni ule muda wa kutega sikio. Asubuhi moja nilimuuliza, "Unamsikiliza nani?"

"Bibi," akasema.

"Bibi yuko wapi?"

Akagusa koo lake kwa kidole kimoja, akaendelea kutafuna. Nikaenda kufungua dirisha ingawa hakukuwa na joto.

Sasa nimtaje mama mkwe wangu. Anaitwa Matrida, ingawa mimi sijawahi kumwita hivyo mbele yake. Kwetu mkwe haitwi jina, anaitwa Mama, basi. Anaishi Mwitongo, kule Butiama, kwenye boma aliloachiwa na marehemu Silasi, baba yake Fredi, na anasaidiwa kuchunga ng'ombe na kijana mmoja aitwaye Ngolo. Ni mwanamke mwembamba, mkali, mwenye rozari shingoni na kasoro tayari mdomoni. Tangu niolewe hajawahi kusifu chakula changu. Chai yangu nyepesi, chapati zangu ngumu, mchuzi wangu una haraka. Nilimheshimu, na nilimwogopa, na simu yake ikiita nilikuwa naiangalia kwanza nikijiandaa.

Basi simu ikaita asubuhi moja, vyombo bado viko mezani.

"Mama Gloria," akasema, "leo umezidisha mdalasini."

Nikacheka. Nilidhani Fredi amemsimulia wafo zangu. Nikajibu, "Sawa Mama, kesho nitapunguza." Kesho yake nikapunguza kweli. Akapiga. "Leo ni nzuri. Lakini ndizi haikuwa imeiva."

Haikuwa imeiva. Nilikuwa nimekosa ndizi mbivu, nikatia iliyokuwa bado na rangi ya kijani kwenye kikonyo. Na Fredi alikuwa Murangi, mimi na Gloria tulikuwa peke yetu.

Nilijifariji kwa kila namna. Nikasema mama mkwe anabahatisha, mtu mwenye kasoro mdomoni lazima siku moja ipate pa kutua. Asubuhi iliyofuata nikafanya kitu ambacho mwalimu wa hesabu angefanya: niliacha wafo moja iungue kwa makusudi. Nikaita jina, Gloria akala ukingo wake akikunja uso. Nikakaa na simu mkononi.

Ikaita. "Umeunguza," akasema mama mkwe wangu kutoka Mwitongo, na safari hii hakuwa anagomba. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mama Gloria, ni nini hiki unanipaga? Kinywa changu kina ladha ya vitu ambavyo sijavila. Nashiba bila kugusa chakula. Mwanangu, nimeishiwa nguvu hata ya kubeba ndoo."

Nilimchukua Gloria, nikaenda Butiama siku hiyo hiyo.

Ngolo alinipokea nje ya boma, na alikuwa na hasira iliyochanganyika na woga. "Mama hali," akaniambia. "Namletea ugali, namletea maziwa, anasema ameshiba. Kila asubuhi anakaa pale mlangoni anatafuna. Hana kitu mdomoni, lakini anatafuna."

Nilimkuta kwenye kiti kifupi. Nilikuwa nimemwona wakati wa Pasaka. Yule niliyemkuta sasa alikuwa nusu yake. Gauni limemning'inia, rozari imelala kwenye mifupa. Kando yake palikuwa na sahani ya ugali na visamaki vya furu vya kukaanga, imefunikwa, nzi wanaizunguka. Gloria akatoka mgongoni kwangu akamkimbilia, mzito na mwenye afya, akampandia mapajani, na mama mkwe akaguna kwa uzito wake. Niliwatazama wote wawili. Kila kilichopungua kwa mmoja kilikuwa kwa mwenzake, hata ile mikunjo ya mikono.

"Ilianza lini, Mama?"

"Ilianza na kuitwa," akasema. "Asubuhi, nimeamka tu, nasikia sauti ya mwanamke inaniita. Nikatoka nje, sikuona mtu. Unajua mtu akikuita usipomwona hutakiwi kuitika; hilo tumefundishwa tangu utotoni. Lakini aliniita jina langu la kwetu. Tangu nilipoolewa hakuna aliyeniita hilo. Nilikuta bibi yake mume wangu analo, yuko hai bado, na bibi harusi hawezi kuitwa sawa na mkubwa wa boma. Wakaliweka pembeni, nikabaki Matrida, halafu Mama Fredi. Hata Yunis halijui, nilipokuja alikuwa anabebwa mgongoni. Nikadhani ni mama yangu mzazi amenikumbuka. Nikaitika, mwanangu. Nilifurahi nikaitika. Sasa kila asubuhi ananiita, naitika, kisha ile ladha inakuja."

Nilijua kabla sijauliza. Niliuliza hivyo hivyo. "Jina gani, Mama?"

"Nyamburi," akasema.

Ningesema nini? Kwamba sauti ile ilikuwa yangu, kutoka jikoni Bweri, sahani mkononi? Nilimpikia chai, hakuinywa. Niliaga mapema nikisingizia shule. Njiani nilimbana Gloria kifuani, nikaapa sitaliita tena lile jina. Yule mama hakuwahi kusifu chakula changu hata mara moja, lakini alinikabidhi mwanawe, na nilipojifungua alilala sakafuni kwangu ili mimi nilale kitandani. Sikutaka afe. Nilitaka mtoto wangu apone na yeye asife. Sikuona kwa nini niambiwe nichague.

Asubuhi nikapika wafo. Sikuita. Gloria akafunga midomo.

Nilimwita Gloria. Nilimwita kwa jina langu mwenyewe la nyumbani, Nyangeta, nikiwa nimeshika ukingo wa meza, tayari kwa lolote litakalonipata, na hakuna lililotokea. Nilimwita kwa jina la mama yangu, nisamehe mama. Niliwaita marehemu wote wa shangazi Yunis tena kuanzia Burito. Alinitazama kwa macho makavu, akingoja. Mchana hakula, jioni hakula. Ulipofika mwisho wa juma mikunjo ya mikono ilikuwa imepotea. Hospitali walimlaza, wakampitishia maziwa kwa mpira puani, na kila walichomtia kilirudi. Wakatupa ruhusa wakisema tumjaribu nyumbani kwa vyakula anavyovipenda. Nilicheka mbele ya daktari, kicheko kibaya, Fredi akanishika mkono akanitoa nje.

Nilimpigia shangazi Yunis, nikamweleza yote.

"Sikujua," akasema. "Mungu wangu, sisi tunamwitaga Mama Fredi. Sikujua kabisa."

"Lifute basi. Toa jina."

"Halitolewi likishaliwa. Na lenu nyie wakwe halimwingii, majina ya kwenu yanaenda kwa watoto wa kaka zako. Mama Gloria, mtoto aliyepewa jina halafu akanyimwa habakigi na njaa tu. Anaondoka kabisa."

Nilikata simu. Nilimpigia Ngolo kuuliza hali ya mama. Alikuwa na furaha, masikini. "Siku hizi anaomba ugali mwenyewe!" akasema. "Leo amekula na kuongeza. Amenigombeza furu hawana chumvi." Nikamshukuru, nikakaa chini sakafuni jikoni. Mle chumbani mwanangu alikuwa amelala mchana kutwa, hana hata nguvu ya kulia.

Shangazi Yunis, kama nilivyosema, hana siri. Nilipaswa kujua kwamba akimaliza na mimi atapiga Mwitongo.

Asubuhi iliyofuata bodaboda ilisimama nje. Mama mkwe wangu aliteremka akiwa amevaa gauni lake la Jumapili, rozari mkononi, akamlipa dereva na kumsema kwa kukimbiza pikipiki. Siku chache za kula zilikuwa zimemrudishia rangi. Alipita sebuleni bila kusalimia, akaingia chumbani, akakaa kitandani kwa Gloria, akamfunua shuka. Alimtazama muda mrefu. Akamfunika tena.

"Washa hiyo mashine yako niione," akaniambia. "Nimeionja sana."

"Mama, kwanza tuzungumze."

"Washa. Tutazungumza unapika."

Nilimwaga oti nusu sakafuni. Yeye akachukua ufagio akafagia, akiniuliza kwa nini natia yai moja wakati mayai yapo, akakaa kwenye kigoda akimpakata mtoto. Fredi alikuwa Murangi. Sikumpigia, kwa sababu nilijua atasema nini kwa kila upande, na maneno yake yasingemsaidia yeyote kati yao. Nilipotoa wafo ya kwanza, mama mkwe akaiomba. Akaila yote kwa meno yake mwenyewe, polepole, akiichunguza.

"Ni nzuri," akasema.

Nililia hapo. Nililia kwa kelele, bila adabu yoyote, nikiwa nimeshika mwiko. Nilimwambia sikujua. Nilimwambia sitamwita, kwamba nitakwenda Mwanza, nitakwenda Dar, kwamba kuna madaktari wa watoto huko.

"Huyu unamfikisha Mwanza?" akauliza.

Kichwa cha Gloria kilikuwa kimelala kwenye mkono wake, midomo imekauka na kupasuka.

"Sikiliza, Mama Gloria. Jina lile walinivua nikiwa msichana, nikazeeka bila mtu wa kuniita. Uliponiita, mimi niliitika kwa furaha. Ningejua ni huyu ndiye anakula, ningeitika kwa sauti zaidi. Yunis amenieleza linavyokaa. Uite mpaka mtoto aitike mwenyewe. Akiitika yeye, ni lake, atakula hadi uzeeni, hutahitaji tena kumwita ndipo ale. Ulikuwa unaniitia mbali ndiyo maana limechukua muda mrefu. Sasa nipo hapa."

"Na wewe, Mama?"

"Mimi nimeshakula."

"Sitaweza. Siwezi kukuita jina mbele yako."

"Leo utaweza," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alinishika shavu. "Wewe ni mwalimu, unaitaga majina kila asubuhi. Ita."

Nilikata kipande. Nikakipuliza. Nilimtazama yeye, kisha mtoto, kisha yeye tena, nikitafuta usoni kwake dalili yoyote ya woga ili nipate sababu ya kuacha. Alikuwa amekaa wima, amemshika mjukuu wake kwa mikono yote miwili, anasubiri.

"Nyamburi," nikaita.

"Abee," wakaitika wote wawili, kwa sauti moja.

Gloria akafungua mdomo. Nikamlisha. Alitafuna kwa shida, akameza, akafunga midomo tena, akanitazama. Bado alikuwa na njaa, na kwenye sahani palikuwa na wafo nyingi. Mkono uliokuwa umemshika kiunoni ulikuwa umelegea. Sikunyanyua macho kumtazama mwenye mkono huo. Nilikata kipande kingine.

"Nyamburi," nikaita.

"Abee, mama," akaitika mwanangu, peke yake.